Pikapu kongwe: nini hufa kwanza, na kwa nini

Wazee wetu wawili wakikutana Barka au Mabela baada ya laasiri, na mmoja wao ana pikapu iliyopindukia miaka ishirini, maamkizi yakishapita kinachofuata ni gari. "Yakhe, imeacha kuchemsha?" "Imeacha, nimetia rejeta mpya." "Nilikwambia tazama feni kwanza, hukunisikia." Watoto waliokaa pembeni na simu zao husikia maneno hayo kama sisi tulivyokuwa tukisikia Kilatini cha mapadre skuli: sauti wanaijua, maana hawaipati.

Halafu inakuja siku mzee anaugua, au macho yanamwishia, au Mungu anamchukua, na funguo zinakwenda kwa kijana. Gari yenyewe imebeba mbuzi wa Idi wote wa ukoo, imebeba tende, magodoro ya harusi, na saruji ya nyumba mnayokaa. Hakuna anayetaka kuiuza. Lakini kijana amejifunzia gari ya kisasa, ambayo tairi ikipungua upepo kidogo tu inawasha taa na kupiga kengele. Hii ya babu haina kengele. Iliyekuwa kengele yake ni mzee mwenyewe, aliyekuwa akisikia sauti moja ngeni asubuhi na kujua kuna jambo. Makala haya nayaandika kwa ajili ya hao wanaopokea funguo.

Mimi si fundi. Nilikuwa karani wa stoo ya vipuri katika karakana ya serikali, na kazi yangu ilikuwa kuandika kitu gani kimetoka, kimekwenda kwa gari ipi, tarehe gani, na lile la zamani limerudi au halikurudi. Karani wa stoo hashiki spana, lakini anaona jambo ambalo fundi halioni, maana fundi anaona gari moja kwa wakati mmoja na karani anaona gari zote kwa miaka yote. Daftari halina majivuno. Kama gari ile ile imechukua pampu ya maji mara tatu, daftari linasema, hata kama fundi anaapa kwamba kazi yake ni safi.

Kwanza soma kibati

Kabla hujanunua chochote, fungua boneti utafute kibati cha madini kilichopigiliwa kwenye ukuta ulio kati ya injini na abiria. Nitazungumzia Toyota, kwa sababu ndizo nyingi katika nyumba zetu. Hilux zilianza kutengenezwa mwaka 1968, na Land Cruiser za namba 70 zilianza mwaka 1984 na hadi leo zinatengenezwa kwa sura ile ile karibu. Wenye Nissan na Datsun wasikasirike. Yatakayosemwa juu ya joto na breki ni yao pia.

Kwenye kibati utaona neno kama RN85, LN106 au FZJ79. Si namba za bahati nasibu. Herufi za mwanzo zinataja injini, na ile iliyo karibu kabisa na namba inataja ukoo wa gari: N ni Hilux, J ni Land Cruiser. Kwa hiyo RN ni Hilux yenye injini ya petroli ya jamii ya R, LN ni Hilux ya dizeli ya jamii ya L, YN ni petroli ya jamii ya Y, na RZN ni petroli ya RZ iliyokuja baadaye. FZJ79 ni Land Cruiser ya petroli ya FZ, na HZJ79 ni ndugu yake wa dizeli. Baada ya namba inafuata L au R, yaani usukani uko kushoto au kulia. Msururu mzima ukiishia na V, gari ilikusudiwa nchi zetu hizi za Ghuba tangu kiwandani.

Mtu akienda dukani akasema "nataka pampu ya maji ya Hilux ya mwaka tisini", muuzaji atamuuliza maswali kumi na mwishowe atampa ya kubahatisha. Akienda na picha ya kibati kwenye simu, yamekwisha.

Mnyororo na mkanda

Swali la pili ambalo mrithi anapaswa kujua jibu lake ni hili: injini hii inazungushwa vali zake kwa mnyororo wa chuma au kwa mkanda wa mpira? Maana vyote viwili huchakaa, ila kila kimoja kina tabia yake ya kufa.

Hilux nyingi za petroli za miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990 zina injini inayoitwa 22R, ya sentimita za ujazo 2,366. Ni injini ngumu, watu wanaisifu kama wanavyosifu ngamia. Ina mnyororo, na mnyororo huo unapita baina ya reli mbili za plastiki zinazouzuia usiyumbe. Kuna kijipistoni kidogo kinachosukumwa na oili ili kuukaza. Plastiki ile, kwa umri na joto, inakauka na kukatika. Mnyororo ukilegea huanza kupiga ukuta wa kava la mbele, na nyuma ya ukuta ule yanapita maji ya kupozea injini. Chuma kinasugua aluminiamu kila siku, taratibu, mpaka siku moja kinatoboa. Maji yanaingia kwenye oili, na ukivuta kijiti cha kupimia unakuta rangi ya chai ya maziwa.

Dalili yake inasikika mapema sana. Ni mlio wa kama mtu anayetikisa msumari ndani ya kopo, asubuhi injini ikiwa baridi, kwa sekunde mbili tatu za mwanzo, halafu oili ikifika unanyamaza. Wengi wanasema "ni baridi tu, itanyamaza". Kunyamaza inanyamaza. Lakini ukiusikia mlio huo kila siku, na unazidi kuwa mrefu, agiza seti ya mnyororo na reli zake kabla kava halijatoboka. Reli ni kitu rahisi. Injini iliyosaga vyuma vyake kwa oili iliyochanganyika na maji si kitu rahisi.

Dizeli za jamii ya L kwenye Hilux, na ile 1HZ ya Land Cruiser ambayo jamaa zetu wa Bara wanaijua sana kwa sababu mashirika na safari za mbugani ziliitumia, hizo zina mkanda wa mpira. Mkanda haupigi kelele ukichoka. Siku yake ikifika unakatika, vali zinakutana na pistoni, na hapo ndipo mtu anapoanza kuulizia bei ya injini nzima. Ubadilishwe kila kilomita 100,000. Baadhi ya gari hizo zina taa kwenye dashibodi inayowaka kilomita zikifika, lakini katika gari kongwe taa hiyo imeshakufa, au mtu ameichomoa kwa sababu ilimkera. Ikiwa hakuna aliyeandika mkanda ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haukubadilishwa.

Joto ndilo adui

Daftari langu, lau ningeruhusiwa kulichukua nilipostaafu, lingeonesha kwamba kuanzia Mei mpaka Septemba stoo ilikuwa kama duka la vitu vya maji: rejeta, mipira ya maji, pampu, themostati, mifuniko, mikanda ya feni. Si ajabu. Juni 2018 pale Quriyat, usiku kucha na mchana kutwa, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6. Huo ulikuwa upande wa chini wa kipimo, si wa juu. Sasa chukua injini iliyokuwa ikitoa moto wake nje kwenye hewa ya nyuzi 25, umwambie atoe kwenye hewa ya 47, na mbele yake uweke kipozeo cha eakondisheni, na nyuma umpakie mifuko ya chakula cha mbuzi.

Kitu cha kwanza cha kutazama ni kile kidogo kuliko vyote, nacho ni mfuniko wa rejeta. Watu wanadhani kazi yake ni kuzuia maji yasimwagike. Kazi yake kubwa ni kuyabana. Maji ya kawaida yanachemka nyuzi 100. Yakibanwa na mfuniko mzima wa kipimo cha 0.9, ambacho utakiona kimeandikwa juu yake, hayachemki mpaka karibu na nyuzi 118. Mpira wa mfuniko ukikakamaa, umepoteza nyuzi zote hizo kumi na nane bila ya kuona tone likivuja. Nimeona watu wakibadilisha rejeta nzima wakairudishia mfuniko ule ule wa zamani, na wiki ya pili wako tena dirishani kwangu.

Kisha feni. Katika gari hizi feni haikufungwa moja kwa moja. Katikati yake kuna kikombe chenye mafuta mazito ya silikoni. Injini ikipata moto, kikombe kinaikamata feni izunguke kwa nguvu. Ikiwa baridi, kinaiachia. Mafuta yale yakipungua kwa miaka, feni inazunguka kivivu tu, kama panka la msikitini umeme ukiwa mdogo. Namna ya kupima ni nyepesi: endesha mpaka injini ipate moto kamili, zima, toa ufunguo, kisha izungushe feni kwa mkono. Ikikataa kidogo, kama mtu anayekoroga asali, iko sawa. Ikizunguka yenyewe mizunguko mingi, imekufa. Dalili nyingine ni kwamba gari inachemsha kwenye foleni na mlimani lakini inapoa ukikimbia barabara kuu.

Sasa nifike kwenye ugomvi. Hapana baraza lisilokuwa na mtu atakayekwambia: "Toa themostati utupe, hii ni nchi ya joto, yako inazuia maji." Nimelisikia hilo miaka arobaini na silikubali. Themostati katika injini nyingi za Toyota ina kazi mbili. Sahani ya juu inafungua njia ya kwenda kwenye rejeta maji yakipata moto, na kisahani cha chini wakati huo huo kinaifunga njia ya mkato ambayo maji yangepita kurudi kwenye injini bila kupozwa. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima. Sehemu ya maji yanazunguka tu ndani kwa ndani na moto wake, rejeta haiyaoni. Kwa hiyo yule aliyeitoa ili ipoe, Julai anashangaa kuona inazidi kuchemsha, na Januari kule milimani injini haipati moto, petroli inakwenda ovyo. Themostati ikiganda, tia mpya.

Na maji yenyewe. Maji ya visima vyetu na ya aflaji ni mazuri kwa mitende, lakini yana chokaa. Tazama birika lenu la chai ndani. Magamba yale yale yanajenga ndani ya mishipa ya rejeta, ambayo ni myembamba kuliko kalamu. Tumia maji yaliyosafishwa pamoja na dawa ya rejeta, nusu kwa nusu, au nunua iliyokwisha changanywa. Dawa ile wengine wanaiita ya baridi, wakasema haituhusu sisi. Kumbe inazuia kutu na inapandisha pia kiwango cha kuchemka.

Kuna mtego mmoja ambao umeua injini nyingi, na kila mara mwenye gari anaapa kwa ukweli wake: "Mshale wa joto ulikuwa chini, wallahi." Hasemi uongo. Kipima joto kinasoma joto la maji yanayokizunguka. Mpira ukipasuka na maji yote yakamwagika, kipima joto kinabaki hewani, na mshale unaweza ukashuka badala ya kupanda. Kwa hiyo mshale ukishuka ghafla katika safari ya joto, hiyo ni habari mbaya kuliko kupanda. Simama. Dizeli za 2L hasa hazisamehe. Kichwa cha silinda kikipata moto uliopindukia kinapasuka, na hakiungwi kikapona.

Ikichemsha njiani, weka gari kando, zima eakondisheni, washa hita kwa nguvu zote na madirisha wazi, maana hita nayo ni rejeta ndogo. Kama haishuki, zima injini na kaa kivulini nusu saa au zaidi. Mfuniko usiguswe. Maji yaliyobanwa kwa nyuzi 115 yanageuka mvuke papo hapo ukiufungua, na uso wa mtu hauna kipuri. Wala usimwagie injini maji baridi ya chupa kutoka kwenye kisanduku cha barafu.

Mteremko

Haya mengine yote ni pesa. Breki ni roho za watu, na ndiyo sababu hasa nimekaa kuandika.

Vijana wanapenda kuipeleka pikapu ya babu Jebel Akhdar. Pale Birkat al Mouz kuna kituo cha polisi, na gari isiyokuwa na gia za magurudumu manne inarudishwa. Wengi wanadhani sharti hilo ni kwa ajili ya kupanda. Kupanda si shida. Gari ikishindwa inasimama. Sharti ni kwa ajili ya kuteremka, kutoka urefu wa mita elfu mbili hivi kule Saiq, kona baada ya kona, kwa gari yenye watu sita na mabeseni ya makomamanga.

Mafuta ya breki yana tabia moja ambayo haipendezi: yanakunywa unyevu kutoka hewani, hata yakiwa ndani ya gari iliyosimama tu. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki mpaka nyuzi 205. Yakishakunywa maji kiasi, kiwango chake kinashuka hadi 140 hivi. Mguu ukikaa juu ya breki dakika kumi za mteremko, breki zinapata moto kupita hapo bila ya taabu. Mafuta yanachemka ndani ya bomba na kufanya mapovu, na mapovu yanabanika ambapo mafuta hayabaniki. Unakanyaga, pedali inakwenda mpaka chini, gari inaendelea.

Ajabu yake ni kwamba ukisimama kwa bahati kwenye kilima cha dharura, baada ya robo saa mapovu yanayeyuka na pedali inarudi ngumu kama kawaida. Ukiipeleka kwa fundi kesho yake anakwambia breki zako nzima, hakuna kitu. Kwa hiyo usingoje dalili. Mafuta ya breki yabadilishwe yote kila miaka miwili, hata kama gari ilikwenda kilomita elfu tatu tu. Gari inayokaa inakunywa unyevu sawa na inayotembea. Na katika kuteremka shika gia ile ile ambayo ungehitaji kupandia, acha injini iizuie gari, na breki uzikanyage kwa nguvu kidogo kisha uziachie zipoe.

Kuna kitu kingine katika Hilux ambacho mafundi wengi wa siku hizi hawakigusi. Nyuma, juu ya mhimili wa magurudumu, pana vali ya breki yenye kijiti kilichounganishwa na mhimili. Mzigo ukiishusha bodi, kijiti kinasukumwa na vali inaruhusu nguvu zaidi ya breki iende nyuma. Ikiwa tupu, inapunguza ili matairi ya nyuma yasiteleze. Sasa sisi tuna desturi ya kuongeza majani ya springi ili pikapu ibebe zaidi. Bodi inakaa juu, kijiti kinaieleza vali kwamba gari ni tupu, na breki za nyuma zinafanya kazi kidogo hali umepakia tani. Aliyeongeza springi lazima arekebishe na kijiti. Mwulize fundi akuoneshe kwa kidole. Asiyejua kilipo, mtafute mwingine.

Handibreki nayo isidharauliwe. Katika Hilux nyingi, kuivuta handibreki ndiko kunakosogeza viatu vya breki za nyuma vikaribie ngoma kadiri vinavyochakaa. Nyuma ya kila gurudumu pana vikono vidogo vinavyoganda kwa vumbi na kutu. Vikishaganda, handibreki haishiki, mwenye gari anaacha kuivuta, na breki za nyuma zinalegea kabisa bila ya yeye kujua, gari yote ikisimama kwa breki za mbele peke yake.

Bahari, na matairi yanayodanganya

Wavuvi wa Batina wanaovuta mashua kwa pikapu mpaka maji yanafika kwenye mhimili wanajua gari zao zina ajali fupi. Wengine tunakwenda ufukoni mara moja kwa mwezi na tunadhani haihesabiki. Chumvi ikichanganyika na mchanga ndani ya chesisi, hasa pale inapopinda juu ya mhimili wa nyuma, inakaa humo na kula kutoka ndani. Nje rangi inang'aa. Chukua nyundo ndogo ugonge taratibu pande zote mbili: chuma kizima kinalia kama kengele, kilichooza kinalia kama boksi la karatasi. Osha chini kwa maji baridi mengi siku ile ile, si Ijumaa ijayo.

Matairi ya pikapu ya shamba yanadanganya kuliko ya gari yoyote, kwa sababu haitembei sana na meno yake yanabaki marefu. Ubavuni mwa tairi, baada ya herufi DOT na mengineyo, tafuta tarakimu nne ndani ya duara refu. 2318 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018. Mpira huzeeka kwa jua hata ukiwa umesimama, na kwa joto la huku wengi wetu hatuvuki miaka mitano. Chungulia na spea iliyoning'inia chini ya bodi. Nimepata kuona spea iliyokuwa na umri wa dereva wake. Betri nayo, ikivuka miaka miwili ya kiangazi cha huku, iko kwenye muda wa nyongeza.

Vipuri, na vya kupeleka nyumbani

Vipuri vya bandia vimejaa, na boksi peke yake si ushahidi siku hizi, maana anayeiga kipuri anaiga na boksi. Kanuni yangu ni ya kikarani: kile ambacho kikifa kinaua mtu au kinaua injini, nunua kwa wakala na upate risiti. Pedi za breki, mafuta ya breki, mkanda wa vali, themostati, filta ya oili. Kitasa cha mlango, kioo cha pembeni, bampa, hata giaboksi nzima, nenda kwenye sikrabu Wadi Kabir au Sharjah upatane bei, hakuna ubaya.

Namba za Toyota zina tarakimu kumi, tano na tano, na zile tano za mwanzo zinataja aina ya kitu. Ukizijua chache, muuzaji hawezi kukuchanganya: 04465 ni pedi za breki za mbele, 04495 ni viatu vya breki za nyuma, 16100 ni pampu ya maji, 16400 ni rejeta, 31250 ni sahani ya klachi, 90915 ni filta ya oili. Tano za mwisho ndizo zinazosema ni ya gari ipi, na hapo ndipo kile kibati kinapofanya kazi.

Wengi wetu pia ni mawakala wa vipuri bila ya leseni, kwa sababu simu haikomi kutoka Unguja na Pemba. "Ami, tuletee rejeta." "Mjomba, ukija usisahau taa za mbele." Vitu vya injini, klachi, pampu na pedi mara nyingi ni vile vile mradi injini na mwaka vinalingana. Lakini kule wanaendesha upande wa kushoto na usukani uko kulia. Boksi la usukani la huku halifungiki kule. Mikono ya waipa inafagia kinyume. Na taa za mbele, ambazo ndizo zinazoombwa sana, zimetengenezwa zikiwa za chini zimulike zaidi pembezoni mwa barabara, yaani upande wa kulia kwetu. Ukizipeleka Zanzibar, upande wa kulia ndiko wanakotokea wengine. Taa inafungika vizuri, inawaka vizuri, na kila usiku inampofua mwenye baiskeli anayekuja mbele. Msinunue.

Kwa hiyo anayeagiza atume picha tatu: kibati cha gari, ambacho baada ya namba kitakuwa na R, kipuri cha zamani upande wa mbele, na upande wa nyuma, palipo na namba kama haijafutika. Asipotuma kibati, ngoja mpaka atume, hata akikuita bakhili. Ukishanunua, andika kwa kalamu juu ya boksi jina la gari na tarehe, weka risiti ndani, na fungua kila boksi uhesabu kabla ya kufunga sanduku la safari. Viatu vya breki za nyuma seti yake ni vinne, si viwili.